Meza za Huwaida na Punda Aitwaye Marashi

Jumatatu, 6 Oktoba

Bila mimi, mji wa Amu, Lamu kwa wageni, ungekuwa umeshahamia Mokowe kule bara zamani. Sisemi kwa kujisifu. Nasema kwa kuwa hakuna mwingine wa kusema. Ndilo tatizo la mji huu, watu wake wakubwa hawatajwi mpaka wafe. Mimi nimeamua kujitaja mapema.

Leo nimehitajika tena. Kamati ya mtaa inataka kuziondoa meza za Huwaida.

Huwaida ni binti wa marehemu ndugu yangu. Ana mkahawa kwenye uchochoro wetu huku mtaa wa Langoni. Ndani mna nafasi ya jiko, tanuri la mikate ya mofa, na Huwaida mwenyewe kama hakuvuta pumzi sana. Kwa hiyo wateja hukaa nje. Wengine kwenye baraza za nyumba, wengine kwenye meza ndogo alizozipanga ukutani. Meza ya pembeni, ile yenye kivuli kutwa, ni yangu. Hapo ndipo ninapowaeleza wageni mambo ya dunia. Kahawa naletewa bila kuagiza. Ni heshima ya ukoo.

Mashtaka yameletwa na Abdulwahid. Huyu tulisoma naye chuo kimoja cha Kurani na tangu siku hizo hajapona wivu. Ana punda wanaobeba mchanga kutoka ufukweni kupeleka kwenye majengo. Anadai meza zinawabana. Juzi punda wake mmoja jike, jina lake Marashi, alipita amejaa mzigo. Gunia likakwaruza meza, likapasuka, mchanga ukaingia kwenye mbaazi za mteja. Abdulwahid akakimbilia kamati. Mteja aliendelea kula.

Jioni barazani mjadala ukawaka. Abdulwahid alisema ndia ni ya kupita, si ya kula, na mwenye njaa ana kwake. Huwaida akamjibu kutoka jikoni kwamba kabla ya meza, uchochoro huu baada ya Isha ulikuwa giza tupu na mwanamke hapiti peke yake. "Sasa watu wameketi, Bwana Abdulwahid. Ndia ina mato ya kuilinda." Rayyan, kijana mwenye pikipiki anayolazimika kuiacha nje ya mji, akasema kama njia inafunguliwa basi ifunguliwe kwa wote, na pikipiki nazo ziingie mjini. Wote wawili wakamgeukia pamoja wakamwambia anyamaze. Ndilo jambo pekee walilokubaliana.

Nikawaambia kwamba mimi niliwahi kuendesha baiskeli kutoka Mokowe mpaka Witu, nyuma yangu simba, na aliyechoka ni simba. Rayyan akasema, "Ami, baiskeli yangu ile pale ukutani. Tuonyeshe kidogo." Nikamweleza habari za goti langu.

Kamati itakuja kujionea yenyewe Jumamosi asubuhi, saa za punda kupita. Mwenyekiti ni Bi Rumaisa, mwalimu wa shule ya msingi. Ikionekana meza zinaziba njia, zinaondoka. Na meza zikiondoka, Huwaida anafunga mkahawa. Kasema wazi. Hawezi kuuza mbaazi kwa watu waliosimama, atarudi Siyu kwa mama yake akalime.

Nikamwambia asihofu, ami yake yupo. Akasema, "Ami, nakuomba. Usifanye kitu."

Maskini. Amelemewa na shukrani.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimefanya kitu.

Punda wa Amu haongozwi. Anapakiwa ufukweni, anapigwa kofi la kiunoni, anakwenda mwenyewe mpaka kwenye mjengo. Huko anapakuliwa na kurudi mwenyewe. Njia iko kichwani mwake. Basi nikawaza: badala ya kuhamisha meza, mbona nisihamishe kichwa cha punda? Wasomi hawawezi kuwaza hivi. Mimi shule niliiacha darasa la sita, baada ya kuona walimu wameishiwa.

Karibu na msikiti mdogo njia inagawanyika. Ya kushoto inapita kwa Huwaida. Ya kulia inazunguka juu. Zote mbili zinafika kwenye mjengo. Nikachukua mikate ya mofa kwenye kapu la Huwaida alipogeuka. Huu si wizi. Ni mikate iliyojitolea kuokoa wenzake.

Nikakaa penye njia panda. Marashi akaja mbele, wengine nyuma yake, maana yeye ndiye nahodha wao. Ni punda mkubwa wa kijivu. Ana uso wa mtu aliyeletewa habari mbaya ambazo alikuwa akizitarajia. Nikamwonyesha mkate. Akanusa. Nikarudi kinyumenyume kwenye njia ya kulia, namlisha vipande mkononi, namwita kwa jina lake. Akanifuata. Wote wakamfuata yeye.

Kutwa nzima hakupita punda hata mmoja mbele ya meza. Huwaida alitoka mara kwa mara kuutazama uchochoro juu na chini, haamini. Mimi nimeketi mezani kwangu, nanyamaza. Nilinyamaza mpaka kichwa kikaniuma.

Jumatano, 8 Oktoba

Kuna jambo dogo sikulihesabu. Njia ya juu inapita mlangoni kwa Bi Rumaisa.

Si kwamba sijui anakokaa. Nilisoma naye darasa moja, yeye akaendelea na mimi nikapumzika. Lakini mtu mwenye mipango mikubwa hawezi kukumbuka kila mlango.

Bi Rumaisa ana harusi ya binti yake. Asubuhi alikuwa ametandaza asmini kwenye sinia, juu ya baraza yake, anatunga vikuba, vile vishada vya bibi harusi. Akaingia ndani kutafuta uzi mwingine. Marashi akaja apite. Lakini hakupita. Alisimama akala sinia zima, maua na uzi wake.

Nimeyasikia haya kwa watu, kwani mimi wakati huo nilikuwa nimejibanza nyuma ya nguzo nikiyaona kwa macho yangu.

Bi Rumaisa alitoka na ufagio. Abdulwahid akaitwa. Akaapa kwamba punda wake tangu wazaliwe hawajawahi kupita njia ile. Bi Rumaisa akamuuliza, basi huyu anayecheua asmini za mwanangu ni mgeni wa nani? Abdulwahid akakuna kichwa. Halafu uso ukamng'aa, na mimi nikajua tumekwisha. Akasema: "Mwalimu, wametoroka. Zile meza ndizo zilizowatorosha."

Saa hiyo hiyo mtaa mzima ukawa unasema meza za Huwaida zimewafukuza punda njiani mwao, na punda wamekula harusi ya watu.

Nilipofika mkahawani Huwaida alinitazama, kisha akatazama ndevu zangu. Nikapangusa. Zilikuwa na makombo ya mofa.

Mke wangu Mwana anasema Marashi alipita chini ya dirisha letu alasiri na pumzi yake inanukia kama bibi harusi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimesitisha mkate. Kwa hiyo punda wamerudi njia yao ya zamani. Mpango umejirekebisha wenyewe, nikasema. Nikaagiza kahawa ya kushangilia.

Marashi akaja na magunia yake. Akaipita meza ya kwanza vizuri. Akafika kwangu. Akasimama. Akaiweka pua yake juu ya kikombe changu na kuningoja.

Hapa Amu kila mtu anajua: punda mwenye mzigo harudishwi nyuma. Anayetembea hupanda barazani, aliyeketi huinua miguu, mzigo ukapita. Ndivyo tulivyolelewa. Basi watu wakapanda barazani, na mimi nikainua miguu, na mzigo haukupita. Nyuma ya Marashi punda wenzake. Nyuma yao Rayyan na baiskeli. Nyuma ya Rayyan akina mama wanaotoka sokoni, na hao hawakunyamaza. Mmoja alisema kama Bwana Shekhan, yaani mimi, anataka kuposa punda afanye haraka, samaki wanaharibika.

Nikampa nusu ya hamri niliyokuwa nikila. Akaondoka. Aliporudi na mzigo mwingine akasimama pale pale. Na mwingine. Nikabadilisha kiti, akasimama kwenye hicho kipya.

Abdulwahid alisimama upande wa juu wa uchochoro amekunja mikono, ana furaha kama aliyenunuliwa jahazi. "Meza," anawaambia watu. "Si nilisema? Meza."

Mchana Huwaida akaniita jikoni. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Akauliza, "Ami, ulimpa mkate?"

Nikamuuliza mkate upi.

"Ule uliopotea kapuni."

Nikaanza kumwelezea panya wa kisiwa cha Ndau, ambao ni wakubwa kuliko paka na wanajua kufungua vifuniko. Akanisikiliza mpaka panya wa tatu. Halafu akasema mambo yakiwa hivi Jumamosi, Jumapili atalivunja tanuri. Tanuri lile alilijenga kwa mikono yake, udongo aliubeba mwenyewe. Akanigeuzia mgongo, akarudi kwenye unga.

Nilisikia kitu kinanichoma kifuani. Nadhani ni bajia.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimepata dawa. Punda hajui sura, anajua harufu. Ukibadilisha harufu, umekuwa mtu mwingine.

Asubuhi nikachukua chetezo cha Mwana, nikafukiza kanzu yangu udi mpaka moshi ukatoka dirishani. Nikajipaka maji ya waridi, nikaongeza mafuta yake mengine ambayo sijui jina lake lakini kichupa kilikuwa kimefichwa, kwa hiyo ni mazuri.

Mwana akasimama mlangoni. Akauliza kwa utulivu, ni binti wa nani?

Nikamwambia nakwenda Ijumaa. Akasema miaka yote aliyonijua nimekwenda Ijumaa nikinuka kahawa na samaki, na Mungu alinipokea. Sasa huyo binti ana jina au hana? Nikaona sina budi. Nikamweleza ukweli, kwamba namkimbia punda.

Mwana ameshaniamini mengi. Aliamini kwamba nilimchapa papa kibao. Aliamini habari ya simba na baiskeli, au alikuwa anakuna nazi tu. Lakini hii ya punda, ambayo ndiyo ya kwanza kuwa kweli mwanzo hadi mwisho, akaikataa mchana kweupe. Amefunga kichupa chake sandukuni na ufunguo yuko nao.

Tulipotoka msikitini, Marashi alikuwa nje karibu na viatu. Ijumaa hana mzigo, alikuja kwa hiari yake. Watu wakampisha. Mtu mmoja akaniambia kwa adabu kubwa, "Bwana Shekhan, wa nyumbani kwako amekuja kukuchukua."

Tukarudi pamoja. Nikageuka kulia, akageuka kulia. Nikasimama kama nasoma tangazo, akasimama akalisoma.

Nyumbani nikakagua mfuko wa kanzu. Makombo ya Jumanne yalikuwa humo. Nilikuwa nimeyafukiza udi pamoja na kanzu. Nimeyaonja. Yamekuwa bora zaidi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Alfajiri Huwaida alikuja nyumbani akanisihi leo nisitoke. Nikamwahidi. Mwana alikuwa shahidi.

Lakini baadaye nikafikiri. Kamati inakuja, watu wanataka kuelezwa mambo, nani atawaeleza? Nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Kamati ilifika na Bi Rumaisa mbele, ameshika mwavuli. Huwaida alikuwa kaamka mapema akazisogeza meza mpaka zimegusa ukuta, vitambaa kavifunga visipeperuke. Alikuwa amesimama mlangoni, unga mpaka kwenye viwiko. Aliponiona nimekaa mezani kwangu alifumba macho.

Abdulwahid alikuwa amewapakia punda wake magunia yaliyovimba kuliko siku zote. Nilitaka kulisema hilo lakini Marashi alikuwa ameshatokea.

Akaipita meza ya kwanza. Hakuigusa. Akaipita ya pili. Hakuigusa. Mtu wa kamati akaweka mkono kati ya gunia na meza, shubiri nzima ikaingia. Halafu Marashi akanifikia mimi, akasimama, na uchochoro wote ukasimama naye. Punda, akina mama, Rayyan, mtu na godoro kichwani.

"Mnaona?" akasema Abdulwahid.

Bi Rumaisa akauliza, kama nafasi ipo, mbona hasogei? Abdulwahid akajibu anaogopa meza. Wakati huo Marashi alikuwa amelaza kidevu chake juu ya meza, kama mtu anayengoja chai.

Bi Rumaisa akanigeukia. Akauliza kama nina neno.

Neno nilikuwa nalo. Lilikuwa moja tu: mkate. Nikiutaja mkate, meza hazina kosa, na Huwaida anabaki na tanuri lake. Huwaida alikuwa akinitazama, hata hakupepesa. Nikafungua kinywa kulisema. Na kwa mapenzi ya Mwenyezi Mungu kilichotoka ni kwamba nilipokuwa Witu niliwahi kuwa mgeni wa tajiri mmoja wa ngamia, na ngamia wote waliacha malisho wakaja kupiga magoti mbele yangu, kwani wanyama wanaona katika uso wangu kitu ambacho binadamu hawakioni.

Bi Rumaisa aliniacha mpaka nikafika kwenye ngamia wa mwisho. Kisha akasema, kwa ile sauti ya darasani, "Shekhan. Simama."

Nikasimama. Sijui kwa nini. Miguu ilisimama yenyewe.

"Haya, nenda."

Nikaenda. Marashi akainua kidevu, akanifuata. Punda wote wakamfuata. Nikapita kwa fundi cherehani, nikapita kisimani, sithubutu kutazama nyuma. Lakini nilisikia. Uchochoro ulifunguka kama mfereji uliozibuliwa. Akina mama wakapita, godoro likapita, Rayyan akapita akipiga kengele ya baiskeli. Hakuna aliyegusa meza hata moja.

Kwenye mjengo walidhani mimi ni kibarua mpya. Waliniambia nimejitahidi, nilete na mzigo mwingine kabla ya Adhuhuri.

Niliporudi, Bi Rumaisa alikuwa amepanda barazani anatoa uamuzi. Meza zibaki palepale ukutani. Baiskeli isukumwe kwa mkono ikifika hapa. Pikipiki zibaki nje ya mji. Punda mwenye mzigo apishwe kama siku zote. Na kilichokuwa kinaziba ndia kiondolewe: Bwana Shekhan asikae kwenye uchochoro huu kabla ya Alasiri, mpaka mizigo imalize kupita.

Abdulwahid alicheka mpaka akashika ukuta. Huwaida alicheka pia, ameziba mdomo kwa ncha ya leso, kisha akaingia ndani haraka na akakaa huko kitambo. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akaniletea kahawa. Akaniambia ninywe upesi, bado si Alasiri.

Bi Rumaisa alipokuwa akiondoka alisimama karibu yangu. Akasema, taratibu, kwamba makombo ya mofa aliyakuta mlangoni kwake tangu Jumatano, na kwamba mti wa asmini uko uani kwa jirani yake, na kwamba kesho asubuhi nitakuwa na nafasi, kwa kuwa sina pa kukaa.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimechuma asmini. Nyuki wa Amu ni wakubwa kuliko nilivyowahi kusimulia.

Mji mzima unazungumza jinsi nilivyoziokoa meza. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia. Nimewaeleza wa ufukweni, wa sokoni, na mgonjwa mmoja nyumbani kwake. Kama si mimi kuinuka na kuwaongoza punda wale kwa miguu yangu, leo Huwaida angekuwa Siyu ana jembe mkononi. Huwaida mwenyewe nilipomwambia hivyo alifikiri, akasema, "Ni kweli, ami. Ulipoondoka ndipo mambo yaliponyooka."

Lakini kuna dhuluma imebaki. Asubuhi yangu imechukuliwa, na Abdulwahid anapita pale akinywa kahawa kwenye kivuli changu. Juu ya kiti changu.

Nimewaza. Kama punda humfuata mtu kwa makombo yaliyo mfukoni, na kama mtu anayefuatwa na punda hupigwa marufuku uchochoroni, basi kinachotakiwa ni makombo machache kwenye mfuko wa kanzu ya Abdulwahid. Ijumaa, kwenye msongamano wa kutoka. Hakuna kitakachoharibika. Mikate nimeshaichukua kapuni.

Jumatano, 15 Oktoba

Nilikaa mezani kwangu baada ya Alasiri. Wageni hawakuja. Rayyan alikuja, nikamwanzia ile ya simba na baiskeli, akakumbuka ameitwa mahali. Huwaida alikuwa na kazi. Mwana bado haongei nami habari yoyote yenye harufu.

Kwa hiyo nikauchukua mkate mmoja niliomwekea Abdulwahid, mmoja tu, nikaenda nyuma ya ukuta wa kisima ambako Marashi hupumzika. Nikamsimulia yeye. Anasikiliza vizuri sana, masikio yote mawili mbele. Hakucheka pasipochekesha. Hakuniuliza habari za goti.

Hili nitaliandika hapa na lisijulikane. Mkate uliisha kabla simba hajachoka, na Marashi akaondoka zake. Nikamfuata mpaka mlangoni kwa Abdulwahid ili nimmalizie hadithi.